Daftari la Palumäe

Jumatatu. Maziwa lita kumi na nne;
moja ndama kaimwaga kwa teke,
tuandike kumi na tatu.
Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mkono wa ndoo
unanata kiganjani kama mgeni asiyetaka kuaga.
Urmas kasukuma karai la makaa chini ya tumbo la trekta,
kwani trekta ndilo linalozungusha msumeno,
na trekta likinuna, boma zima linanuna.
Mayai sita. Kuku nao wamegoma.

Jumanne. Mteja wa mjini Võru anataka mbao za sakafu.
"Nyoofu," anasema kwenye simu,
kana kwamba tunauza zilizopinda.
Zilizopinda tunazo: ndizo ukuta wa banda la nguruwe,
na nguruwe hajawahi kulalamika.
Hapa hakitupwi kitu. Unga wa mbao hulala chini ya ng'ombe,
ukiamka ni samadi,
samadi ikiamka ni viazi,
maganda humwendea nguruwe, na nguruwe,
basi, Novemba inajua.

Jumatano, saa nne asubuhi,
nilikuwa nimembana kondoo magotini, nampunguza kwato,
niliposikia msumeno ukibadili lugha.
Haukuwa tena mvumo wake wa nyuki. Ulikuwa ukelele,
halafu kimya, kile kimya
kinachomtuma mke kuhesabu vidole vya mume
kabla hajamfikia.
Tisa na nusu.
Vyote alivyoamka navyo.

Mkanda ulikuwa umekatika, meno yake yametapakaa thelujini
kama mtama uliomwagwa.
Urmas akachokonoa gogo kwa patasi,
akachokonoa, akatukana kidogo, akachokonoa.
Ikatoka risasi,
nyeusi, fupi, mfano wa kinyesi cha mbuzi.
Msonobari ulikuwa umeizungushia mwili, pete juu ya pete,
bila kumwambia mtu.

Tukazihesabu, kutoka gome kwenda ndani,
yeye kwa ncha ya msumari,
mimi kwa kidole chenye mafuta ya manyoya.
Tulipotezana kwenye hamsini;
palikuwa na kiangazi kibaya pale, pete zimebanana
kama watu kwenye benchi la zahanati.
Tukaanza upya.
Themanini. Pengine themanini na moja.

Mama mkwe, Helmi, alikuwa na miaka saba mwaka ule,
ndani ya shimo la viazi, gunia kichwani,
ameambiwa asikohoe.
Tulimpelekea jikoni. Akaipima kiganjani,
kulia, kisha kushoto.
"Nyepesi," akasema.
Halafu akauliza kama Mustik amekwisha kunyweshwa.

Taavet alipiga simu usiku kutoka Ufini, anakojenga maghorofa ya wengine.
Alitaka kujua risasi ni ya nani, ya jeshi lipi.
"Ya msonobari," baba yake akamjibu,
akanipa simu.

Alhamisi. Mkanda mpya, euro thelathini na nane,
sawasawa na mayai mia moja hamsini na mawili
ambayo kuku hawajayataga.

Ijumaa sikuandika.
Kondoo alizaa mapacha saa tisa usiku, na wa pili
alihitaji jiko kuliko alivyomhitaji mama.
Alishinda ndani ya boksi la viatu vya Taavet,
akinyonya kifundo cha kidole changu
kwa imani ambayo sikuistahili.

Jumamosi tuliwasha sauna kwa mabanzi ya gogo lile lile.
Nilitega sikio. Sijui nilitarajia nini.
Yaliwaka kama mengine.
Helmi alikaa benchi la juu kabisa, kwenye joto kali,
akakohoa
mpaka akatosheka.

Jumapili. Mbao kumi na sita, nyoofu, zimepangwa chini ya paa
na vijiti katikati ili zipumue.
Ubao wenye tundu nimeuandika mstari wa peke yake.
Bei: bado.
Mayai tisa.
Maziwa lita kumi na nne kamili.
Ndama tumemfunga.